Kasuku Tuliowahesabu Mara Mbili

Nyie vijana mnaokuja hapa kwangu Somanda na simu zenye kamera, mnaniuliza kila mara swali moja: Bibi, mambo ya ndege uliyaanzaje? Mnauliza kana kwamba niliota ndoto nikaamka nayapenda. Sikuota chochote. Nilikosa kazi.

Mimi nilikuwa mpanga daraja wa pamba. Mkulima akileta pamba yake kwenye gulio la chama cha msingi, kabla haijafika kwenye mizani ilipita kwanza mbele ya macho yangu. Nilikuwa natia mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, navuta tonge la katikati, maana wajanja huweka nyeupe juu na takataka ndani. Naligeuza kwenye mwanga, nasema: safi. Au nasema: fifi. Nikisema fifi, mtu mzima na ndevu zake anakaa chini kuichambua upya, mke wake akimtazama. Nilitukanwa sana pale, na niliheshimiwa sana.

Halafu zikaja zile siku za ruksa. Biashara ikafunguliwa, wanunuzi binafsi wakamiminika na malori, kila mmoja anaikimbilia pamba kabla mwenzake hajaifikia. Nani tena ana muda wa kuvuta tonge la katikati? Safi, fifi, yenye mchanga, yenye mawe, yote ilipanda lori moja. Gulio letu likafungwa, na mimi nikarudi nyumbani na macho mawili yasiyo na kazi. Iliniuma. Nilikuwa napita sokoni nashikashika mchele wa watu, naupanga daraja bila kuombwa, hadi wauzaji wakiniona kwa mbali wanafunika magunia.

Aliyenisitiri ni Bwana Salum. Alikuwa na duka hapahapa Somanda, anauza betri, sabuni na dawa za kupulizia pamba, na papo hapo alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kutazama na kutunza ndege. Chekeni tu, hata sisi tulimcheka. Siku sita anauza sumu, ya saba anatetea viumbe. Yeye alisema kwa kuwa anajua kinachouzwa, anajua pia kinachoua. Na kweli, mtu akija kutaka dawa ya kutia kwenye maji ili aokote ndege, Bwana Salum alikuwa anamwambia dawa imekwisha, kisha anamuuzia sabuni.

Siku moja alinikuta nabishana na muuza mchele. Akaniambia, "Mama Kulwa, macho hayo yanaharibikia hapa. Njoo Jumamosi tutoke wote."

"Mnafanya nini huko mnakotoka?"

"Tunatazama ndege."

"Halafu?"

"Halafu tunaandika."

Nikaona watu hawa wamechanganyikiwa. Nikaenda ili niwaone vizuri, na sikurudi tena kwenye mchele wa watu.

Tulikuwa saba, na darubini moja. Bwana Salum aliitoa kwenye mitumba, na kioo chake cha kushoto kilikuwa kimeingia ukungu, kwa hiyo unatazama huku umefumba jicho kama mtu anayelenga bunduki. Kule Ipililo ilituponza. Sungusungu, wale walinzi wa kijiji, walituzunguka shambani, wakatupanga mstari, kamanda wao akauliza tunatafuta nini kwenye mashamba ya watu. Tukasema ndege. Akauliza, "Ndege wa nani?" Bwana Salum akajaribu kusema ni wa taifa, wakazidi kutushuku, wakadhani tumekuja kupima ardhi. Tuliachiwa baada ya mimi kumwonyesha kamanda ndege aitwaye kinega aliyekuwa mtini na kumwambia anakula nini. Akasema nimekosea, anakula kingine, na akaanza kunifundisha. Tulikaa naye mpaka saa sita mchana.

Nilijifunza hapo kwamba watu wa vijijini wanajua mengi kuhusu ndege, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Mimi nilikuwa naulizia kila kitu. Kwelea wanageukaje wote kwa pamoja angani bila kugongana, nani anatoa amri? Kwa nini ndege fulani anaimba mstari na mwenzake anaumalizia? Bwana Salum alikuwa anasema nimezidi maswali, na mimi nikamwambia yeye amezidi majibu.

Makosa nilifanya mengi. Wiki yangu ya tatu niliandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kwamba nimeona kwale wa aina isiyojulikana, shingo nyekundu isiyo na manyoya, kwenye nyasi karibu na nyumba. Tukamvizia kwa tumbo nusu saa nzima. Mwenye nyumba akatoka na kiganja cha mtama, akaita kuku wake, na kwale wangu akaenda. Alikuwa kuku aliyenyonyoka. Mpaka Bwana Salum anafariki, alikuwa akila kuku ananiuliza kama ni wa aina inayojulikana.

Lakini hayo ya kuku ni ya kuchekesha. Leo nataka niwaambie yale ya kasuku, kwa sababu mmeanza kuhesabu wenyewe na naona mnajiamini kama nilivyojiamini mimi.

Mnawajua wale kasuku wadogo wa kijani, uso rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na pete nyeupe kuzunguka jicho. Wanapita kwa makundi wakipiga kelele kama watoto waliofunguliwa shule. Kule kijijini Mwamapalala walikuwa wanakaa kwenye mihama, ile miti mirefu ya jamii ya mnazi, wanajibanza kwenye mashina ya makuti. Zile siku za ruksa kila kitu kilipata mnunuzi, hata wao. Walikuwa wanategwa kwa nyavu na ulimbo, wanatiwa kwenye matundu ya waya, wanasafirishwa kwenda ng'ambo kukaa sebuleni kwa watu.

Mnunuzi mmoja akaomba kibali cha kutega Mwamapalala. Afisa wa maliasili, kijana muungwana, alikuwa na pikipiki lakini mafuta ya kubahatisha, akatuita chama kizima ofisini. Akasema, "Nyinyi ndio mnaowajua. Nendeni mkawahesabu. Mkisema ni wengi, nitatoa kibali. Mkisema ni wachache, sitoi."

Hakuna aliyewahi kutupa neno zito namna ile. Tulitoka pale migongo imenyooka.

Sasa sikilizeni tulivyokuwa tunafanya kazi. Kasuku hawa kila siku lazima wanywe maji, na wakati wa kiangazi maji ni malambo ya kunyweshea ng'ombe tu. Kwa hiyo unakaa kwenye lambo mapema, jua likiwa mgongoni kwako ili liwamulike wao, hujavaa nyeupe, hujavuta sigara. Kundi likija, hutaweza kuhesabu mmojammoja. Unahesabu kumi, unayashikisha macho yako ukubwa wa hilo fungu la kumi, kisha unapima kundi zima kwa mafungu. Mimi hapo nilikuwa hodari kuliko wote, maana hata pamba niliipima hivyo. Na kila kundi, kabla ya kuandika idadi, unaandika saa.

Mwamapalala kuna malambo mawili, la juu na la chini, na katikati yake mashamba. Jumamosi ile Bwana Salum na wenzake watatu walikaa la juu, mimi na wawili tukakaa la chini. Lo, walikuja. Kundi juu ya kundi. Daftari langu lilijaa vijiti, kimoja kwa kila fungu la kumi, kurasa tatu, na la Bwana Salum hivyohivyo. Tukajumlisha, tukashangilia kwamba kasuku wetu wako salama, tukaandika kwenye fomu: ni wengi. Mimi nilitia sahihi kama mwandishi. Jumatatu fomu ikafika kwa afisa.

Jumatano, siku ya mnada hapa Bariadi, nikamkuta mama mmoja anauza mtama. Mikono yangu, kama kawaida yake, ikaingia ndani ya gunia.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, nikimwita mama kwa heshima, maana alikuwa mkubwa kwangu.

"Mwangaluka. Wewe si yule karani aliyekaa lambo la chini na kitabu?"

Nikasema ndimi. Akaniambia jina lake ni Milembe, na kwamba shamba lililo katikati ya malambo yale mawili ni lake. Akauliza kama hesabu ilitimia. Nikajisifu, nikatoa daftari. Hakujua kusoma, lakini vijiti vinaeleweka na kila mtu. Akaviangalia muda mrefu.

"Na yule mwenye duka, kule juu, naye alipata hivi?"

"Hivyohivyo, mayu. Tukajumlisha."

"Una mapacha wewe, siyo?"

"Ndiyo, Kulwa na Doto."

"Ndiyo maana. Kila kitu unakiona viwili."

Nikacheka, yeye hakucheka. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyechelewa kufika. Alikuwa ameanza kuamia ndege kwenye shamba lile tangu ana meno ya utotoni, anapiga debe na kurusha udongo kwa kombeo, na wale kasuku anawajua kuliko wajomba zake. Asubuhi hutoka kwenye mihama, wanakunywa lambo la juu. Kisha wanashuka kwake kumwibia. Mtama ni mkavu. Wakishiba, koo limekauka, wanashuka kunywa tena lambo la chini, ndipo wanarudi mihamani.

"Hata wewe ukila mtama mkavu," akasema, "hunywi tena?"

"Mayu, wanakula mtama wako na bado unawatetea?"

"Nani anawatetea? Wezi wale. Nakwambia tu wezi wako wangapi."

Akaongeza kwamba yuko mmoja hana mkia, aliponyoka kwenye makucha ya kipanga. Nimtafute huyo kama namwona yeye mwongo.

Basi nikashindwa kutulia. Nikafungua daftari pale pale kwenye vumbi la mnada. Makundi ya Bwana Salum, ambayo nilikuwa nimeyanakili, yalianza saa moja kasoro. Yangu yalianza saa mbili na nusu. Saa zilikuwa zimeandikwa safi kabisa, na hatukuzitazama hata kidogo, tulikimbilia vijiti. Jioni nikapanda na Mayu Milembe gari la kurudi Mwamapalala, nikalala kwake.

Alhamisi alfajiri nikakaa lambo la juu peke yangu. Wakaja, wakanywa, na kwenye kundi la pili nikamwona, kitako kifupi kama kifaranga, anakunywa pembeni. Walipoondoka nikashuka kwa miguu haraka, nikapita shambani kwa Milembe, debe linalia, wezi wanaruka hapa wanatua pale. Nikafika lambo la chini, nikakaa nahema. Saa mbili na dakika arobaini wakatua. Yule asiye na mkia akashuka hatua chache kutoka kwangu, akainamisha kichwa, akanywa.

Jambo la kwanza nililolisikia ni furaha. Msinishangae. Nilikuwa nimejua kitu ambacho hakikuwa kwenye kitabu chochote cha Bwana Salum, kwamba hawa ndege wana staftahi kati ya vikombe viwili. Niliwaza mengi pale: wakati wa masika hakuna mtama mkavu, je, hunywa mara moja tu? Vifaranga nao huletewa maji? Nilikaa mpaka ng'ombe wakaja lamboni, natabasamu peke yangu.

Halafu nikakumbuka fomu iko wapi, na sahihi ni ya nani.

Alhamisi hiyohiyo alasiri nilishukia mjini. Kituo cha magari hakikuwa mbali na ofisi ya maliasili. Nilipita mbele ya mlango wake, ulikuwa wazi, niliona kabisa miguu ya afisa chini ya meza. Nikapita. Nilijiambia kwanza nimweleze mwenyekiti. Ijumaa Bwana Salum alikuwa anajiandaa kwenda msikitini, nikaona si adabu kumbebesha mtu jambo kabla ya sala. Baada ya sala dukani kulikuwa na wateja. Jumamosi kulikuwa na msiba, nikaenda kupika. Jumapili nilikuwa kanisani, naimba kwaya kama kawaida. Mnaona ilivyo rahisi? Kila siku ina sababu yake, na kila sababu ukiitazama peke yake ni nzuri tu.

Ukweli ni kwamba niliona haya. Wanaume wazima waliokaa chini kuchambua pamba kwa neno langu, wangesemaje? Macho ndicho kitu pekee nilichobaki nacho.

Jumatatu asubuhi nikaenda. Nikamwambia Bwana Salum, akasugua kaunta kwa kitambaa mahali palepale, kisha akafunga duka, tukafuatana. Afisa alitusikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wako wangapi?" akauliza.

"Sijui," nikasema. "Labda nusu. Labda hata nusu hawafiki."

Akatazama dirishani. "Kibali walikichukua Ijumaa asubuhi."

Hakugomba. Alikopa mafuta kwa jirani, akawasha pikipiki, akaenda mwenyewe Mwamapalala kukifuta. Alirudi jioni nguo zote vumbi. Lori la matundu lilikuwa limeondoka Jumapili.

Aliifunga Mwamapalala, haikutegwa tena, hilo nimpe haki yake. Mwezi uliofuata akatutuma tuhesabu upya, na safari hii tulimwomba Mayu Milembe atupange yeye. Alitupanga kama anapanga watu wa kupalilia. Wote lambo la juu na la chini tuanze kabla ya saa moja, na kundi la kwanza likigusa shamba lake, yeye anapiga debe mara tatu, wa lambo la chini anafunga daftari. Ni utaratibu mnaoutumia mpaka leo, na mlidhani umetoka kwenye semina.

Tulikaa. Mimi nilikuwa tena la chini. Kwa mbali nikaona kundi moja likishukia lambo la juu, halafu jingine dogo. Nilisubiri. Saa mbili kasoro nikasikia debe mara tatu, nikatazama daftari langu, halikuwa na kijiti hata kimoja, na hivyo ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Lakini tulipopanda juu, la Bwana Salum nalo lilikuwa na mistari ya chini ya robo ukurasa. Nikamuuliza kama amemwona asiye na mkia. Akatikisa kichwa.

Tulikusanyika kivulini nyumbani kwa Milembe, saba sisi na yeye wa nane. Akatugawia uji. Ghala lake lilikuwa limejaa.

"Mwaka huu umevuna vizuri, mayu," mmoja wetu akasema.

"Nimevuna," akajibu, basi.

Mimi nikatoa fomu, nikajaza. Mahali pa maelezo nikaandika kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa na makosa ya utaratibu. Nikawasomea. Wote wakakubali, Bwana Salum akasema imekaa vizuri. Milembe alikuwa anakoroga uji. Akaniuliza bila kugeuka.

"Karani, yule asiye na mkia ulimwona siku gani?"

"Alhamisi, mayu. Niliamkia kwako."

"Na hawa wenzako uliwaambia siku gani?"

Wenzangu walijua nimekosea kuhesabu, na walikuwa wamenisamehe kwa sababu tulikosea wote. Afisa nilimwambia nimegundua, sikumwambia nimegundua lini. Hakuna aliyeuliza.

"Jumatatu," nikasema.

Akaweka mwiko chini, akahesabu kwa vidole. "Siku nne ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naona haya, mayu."

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alinitazama tu, na machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Kosa la vijiti lilikuwa la chama. Zile siku nne zilikuwa zangu peke yangu, na lori lilijazwa ndani yake.

"Basi andika," akasema.

"Mama Kulwa," Bwana Salum akaingilia kwa upole, "hilo halina nafasi kwenye fomu."

Nafasi ilikuwepo, pembeni, nje ya mistari. Nikaandika. Milembe akasema yeye hajui kusoma, atajuaje nimeandika nini, nisome wote wasikie. Nikasimama nikasoma: "Mwandishi aliijua hesabu sahihi siku ya Alhamisi. Alikaa nayo siku nne. Kasuku walichukuliwa katika siku hizo." Niliisoma harakaharaka. Mayu Milembe akasema hajasikia vizuri, nirudie, nami nikarudia.